Feretrum ya Mtunza Kanisa

Kila asubuhi mtunza kanisa letu huipangusa machela ya maiti kwa kitambaa chenye mafuta, mpini baada ya mpini. Haiiti machela, anaiita feretrum, neno la Kilatini alilofundishwa na padri wa zamani. "Maana yake chombo cha kubebea," humwambia anayeuliza na hata asiyeuliza. "Si kitanda! Hapa hakuna wa kulala, ni wa kupita tu." Wafiwa wakileta mto, huwarudishia bila kupepesa macho. Juzi alifiwa na mkewe. Tulipoinama kushika mipini, alituzuia, akaenda nyumbani mbio, akarudi na mto, akauingiza taratibu chini ya kichwa cha marehemu. "Polepole, wanangu," akasema. "Mama yenu amelala."