Dawa ya Magoti ya Mama

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, mwaka tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa ufukweni mwa ziwa karibu na Lipingo, mama alibeba nyasi za kuezekea nyumba mpya hadi magoti yakamvimba. Wiki tatu nzima hakusimama. Alijiburuta kwa makalio kwenda jikoni, nami niligeuza uso nisimwone, maana niliogopa hatatembea tena.

Bibi, mama yake mama, alikuwa bado amebaki mlimani tulikotoka. Nikaenda kwake. Alichimba mizizi, akaichemsha mpaka maji yakawa meusi, yakapoa, akayamimina kwenye kibuyu na kukiziba kwa gunzi. Mengine ya kunywa, mengine ya kukanda magoti. Kisha akanishika kidevu.

"Agnesi, usiongee na mtu njiani. Hata salamu usiitikie. Ukifungua mdomo kabla mama yako hajanywa, umembebea maji matupu."

Kwetu kumpita mkubwa bila shikamoo ni kujitafutia viboko. Lakini bibi nilimwamini kuliko nilivyoogopa viboko.

Nilishuka nimekikumbatia kibuyu. Kwenye mahame yetu, pale nyumba ya zamani ilipobaki kuta tupu, nilimkuta mwanamume ameketi juu ya sanduku la bati, viatu vyekundu kwa vumbi.

"Hujambo mwanangu? Watu wa hapa wamehamia wapi? Namtafuta Mama Agnesi."

Agnesi ni mimi! Huyu alikuwa baba, aliyekwenda kukata mkonge Tanga kabla sijaota meno, ambaye mama alinionyesha pichani kila Jumapili baada ya misa. Nilitamani kumrukia. Nikauma ulimi, nikampita.

"Mtoto gani huyu asiye na adabu!" alisema nyuma yangu. Baadaye sauti ikalegea. "Au ni bubu, maskini?"

Hata hivyo alijitwika sanduku akanifuata. Nililia njia nzima bila sauti, nikiogopa atachoka na kurudi alikotoka, na kosa litakuwa langu.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni. Nilimpa kibuyu, akanywa funda la kwanza, la pili. Ndipo nikageuka, nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

Sanduku lilianguka. Mama akainua macho, akashika mwimo wa mlango, akasimama. Kisha akatembea, polepole, mpaka pale aliposimama baba.

Mwanangu, ambaye ni mganga wa zahanati, husema mizizi ya namna ile hutuliza uvimbe na uchovu wa viungo, ila haiwezi kufanya kazi kwa mafunda mawili. Kilichomwinua bibi yake, anasema, ni babu. Huenda. Ni kweli mama alikandwa siku nyingi kabla ya kurudi shamba. Bibi naye, alipopata habari, alisema tu kwamba nilinyamaza vizuri.

Mimi sibishani na yeyote. Ninachojua ni kwamba maisha yangu yote sijampenda mtu kama nilivyompenda mama pale nilipompita baba bila kumwitikia.