Siku mama alipokaa meza nyingine ndipo akaona ninavyokula

Ilianza Jumamosi saa tatu asubuhi, Mbeya, kwenye ukumbi mdogo wa hospitali.

Wakuu shikamooni. Wa rika langu, mambo. Huwa nasoma tu humu na kupita. Leo naandika yaliyonikuta, chumvi sijatia.

Nipo form three, kwetu Rujewa. Kula kulinishinda karibu mwaka mzima. Daktari aliita eating disorder, ugonjwa wa kushindwa kula. Mtaani waliita maringo. Daktari alishaniambia nikipungua kilo tena nalazwa, na shule basi mpaka mwakani.

Tukaitwa group therapy, tiba ya kikundi, vijana na wazazi wetu. Nilidhani tutahojiwa. Kumbe tunakula.

Kila familia ilikuja na chakula cha nyumbani, halafu watoto wakabadilishwa wazazi. Mimi nikapewa Baba Edo, fundi magari wa Ipogolo, Iringa. Mwanaye Edo akaenda kwa mama yangu, meza ya pili.

Hapa nieleze kitu. Kwetu tunakula sinia moja, kila mtu na upande wake. Wa kwangu nilikuwa nausukuma kidogokidogo kwa wadogo zangu. Sinia likiisha mama anafurahi, "Leo mmekula!"

Baba Edo akanipakulia ugali, sahani yangu peke yangu.

"Kula mwanangu. Wali wenu wa Rujewa ni kitafunwa, sisi Wahehe tunakula chakula."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikawa namega matonge, nayasukuma pembeni kama kawaida.

Ila pembeni hapakuwa na mtu. Yakabaki yamejipanga ukingoni mwa sahani.

Nikainua macho. Mama ananitazama, tonge lake halijafika mdomoni.

"Kumbe na nyumbani ndivyo unavyofanya?"

"Ndiyo mama."

Edo akadakia pale alipokaa na mama, "Mimi huwa nampa mbwa."

Baba yake akashika kichwa. "Ee! Ndiyo maana limbwa limenenepa kama ndama!"

Mama hakucheka. 

Sisemi sinia ni baya. Ila shangazi zangu walikuwa wanamwita mama mzembe, kumbe kwenye sinia hakuwa na pa kuonea nani kala nini. Wenye mgonjwa kama mimi, kwenu mnakulaje? Semeni tu, nitasoma hata nikiona aibu kujibu.

Kesho yake asubuhi wadogo zangu walishazunguka sinia la kiporo. Nikatoa sahani kabatini, nikampa mama.

"Nipakulie yangu."

Akapakua, akasita, akaongeza kijiko kimoja.

Nikakaa anaponiona, nikala. Kile kijiko cha nyongeza kilinishinda. Nikamwonyesha kilivyobaki sahanini.