Siku Niliyoiita Meli Babu

Kwenye gari la kwenda Tanga, kwenye mashindano ya shule ya kuhutubia, kilikuwa kimebaki kiti kimoja. Vinne vilishachukuliwa na wenzangu wa kidato cha tatu, wale ambao hata ukiwaamsha usingizini wanahutubia. Cha tano, mwalimu wetu wa Kiswahili alisema atampa mmoja kati yetu wawili: mimi au msichana ninayekaa naye dawati moja, anayetoka Gare. Nilikitaka kiti kile kuliko kitu chochote mwaka huu. Nina miaka kumi na sita na mwisho wangu wa kuteremka mlima ni Mombo. Bahari sijaiona.

Tatizo langu shule nzima inalijua. Muhula uliopita niliitwa mbele nizungumzie mmomonyoko wa udongo, kitu ninachokiona nyuma ya jiko letu kila mvua ikinyesha, nikasimama kimya mpaka kengele ikagongwa. Sikulia. Nilisimama tu.

Kinachoniuma zaidi ni jina langu. Nimepewa la bibi, mama yake baba, aliyeuza mapeasi stendi ya Mombo kwa sauti ambayo, wanasema, madereva waliisikia kabla hawajazima injini. Nyumbani kwetu mtoto mwenye jina la mzee haitwi hivihivi. Baba ananiita mama. Nilipovunja chungu nikiwa na miaka saba, alishika fimbo, akaitazama, akaiweka chini. "Sasa nitamchapaje mama yangu?" Lakini wageni wakija nikajificha jikoni, shangazi hutikisa kichwa: "Jina kubwa, sauti hakuna."

Basi mwalimu akatupa karatasi mbili zilezile, mimi nakala yangu na mwenzangu yake. Zilieleza meli za doria za walinzi wa pwani wa nchi za mbali, zile zinazokamata magendo na kuokoa wanaozama. Nyingi zimepewa majina ya watu wa hadithi za kale za Wagiriki. Swali la kujibu lilikuwa: meli ya chuma inafaidika nini na jina la hadithi? Nilizisoma wiki nzima, kisimani na kwenye shamba la maharage, mpaka nikaweza kuzisema bila kutazama.

Siku ilipofika mwenzangu akaanza. Alisema vizuri, siwezi kukataa. Alimtaja Triton anayepuliza kombe la baharini na mawimbi yakatulia. Akamtaja Thetis, mama wa baharini. Akamaliza na Argus mwenye macho mia. "Nani atapitisha magendo mbele ya macho mia?" akauliza, na darasa likapiga makofi. Alikuwa amesema karibu kila kitu nilichokuwa nacho. Alipopita kurudi kwenye dawati akaninong'oneza, "Pole dada, nimekuachia salamu tu."

Nikaenda mbele. Nilijua likijirudia lile la muhula uliopita, Tanga basi. Nikaamua kuanza na yule mmoja aliyemsahau, Nereus, mzee wa bahari asiyesema uongo. Nikafungua mdomo, na kwa kuwa sijawahi kumtaja mzee kwa jina tupu maisha yangu yote, nikasema:

"Babu Nereus..."

Darasa zima likacheka. Mwenzangu akapiga meza. "Mwamkie kabisa! Shikamoo babu meli!"

"Marahaba!" akajibu mwingine nyuma kwa sauti nzito, na kicheko kikaanza upya.

Mwalimu alikuwa anainuka kuwanyamazisha. Nikamwahi.

"Ndiyo, babu," nikasema. "Nyinyi kwenu mnamwitaje mwenye jina la babu?"

Kicheko kikapungua. Nikawaona wawili watatu wakitazamana, maana hiyo habari wanaijua. Nikawaambia kwamba kwetu baba yangu mwenyewe ananiita mama. Kwamba hao walinzi wa pwani, nadhani, wamefanya kama sisi: chombo kichanga kinachopelekwa kwenye dhoruba wamekipa jina la mzee anayeijua bahari, ili wanaokipanda wakiheshimu, na wajiheshimu wao.

"Kwa hiyo jina linatosha?" mwalimu akauliza.

"Halitoshi, mwalimu. Argus alilala." Chini kabisa ya karatasi ya pili, kwa maandishi madogo, ilikuwa imeandikwa kwamba yule wa macho mia alibembelezwa kwa hadithi na muziki mpaka macho yote yakajifumba, akauawa. "Meli yenye jina lake, mabaharia wakilala, magendo yanapita. Jina halikeshi. Linamwambia tu aliyelibeba anadaiwa nini." Hapo sauti ilitaka kukatika. Nikaendelea hivyohivyo. "Mimi nina jina la mtu aliyesikika stendi nzima ya Mombo. Na leo mmenisikia."

Mwalimu alichukua chaki, akaandika ubaoni majina ya wale wanne waliokwishachaguliwa, akageuka kwangu. "La tano litaje mwenyewe."

Nikalitaja. Kwa sauti. Hata darasa la jirani, nadhani.

"Utakaa dirishani," akasema.

Niliogopa mwenzangu atakasirika, na kweli hakunisemesha mpaka tunatoka. Asubuhi ya leo amenikuta getini, wanafunzi wamejaa, akapiga goti kabisa.

"Shikamoo bibi!"

Wiki iliyopita ningetazama viatu vyangu.

"Marahaba, mjukuu wangu," nikamwambia, na nikamwekea mkono kichwani. "Nikuletee nini kutoka Tanga?"