Kivuli kwenye Pafu la Kulia

Siku ya saba ya homa, nilikataa kuandika kifua kikuu.

Nilikuwa daktari wa watoto katika hospitali moja ya Manika, kwenye mji wetu wa machimbo. Mgonjwa wangu, msichana wa miaka tisa, alikuwa na saratani ya damu, na dawa zake zilikuwa zimeushusha sana uwezo wa mwili kujikinga. Antibiotiki hazikuipunguza homa. Sasa alikohoa huku ameshika mbavu, na picha ya kifua ilionyesha kivuli upande wa kulia.

Mkuu wangu, aliyenifundisha kazi, aliitazama.

"Huku kwetu kivuli ni kifua kikuu. Muanzishe dawa."

"Makohozi tumepima mara mbili, hamna kitu. Nashuku kuvu."

"Na ukikosea?"

"Nitakuwa nimekosea nikitafuta."

Halikuwa jibu la kumpa mkubwa. Akavuta karatasi, akasaini barua ya kumpeleka mtoto Lubumbashi kwenye skana, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili.

Familia yake iliishi mtaa wa Kasulo, ambako jirani alikuwa akichimba kobalti nyuma ya ukuta wao. Kuvu hupeperuka na vumbi. Mwenye afya huivuta asidhurike, lakini kwa mtoto kama huyu huota ndani ya mapafu. Baba yake, msafirishaji wa bidhaa za kutoka Dilolo mpakani, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dokta, unayua ni nini iko naye?"

"Hapana, tata. Njo maana tunaenda."

"Basi tuende. Gari iko na mafuta."

Njiani mtoto alilala mapajani mwa mama yake, nami nilishikilia chupa ya oksijeni. Karibu na Likasi alifumbua macho.

"Mama dokta, kule batanichoma shindano?"

"Batakuchoma."

"Mingi?"

"Moja ao mbili. Siwezi kukudanganya."

Akageuka kutazama malori.

Skana ilionyesha vinundu vitatu, kila kimoja kimezungukwa na kivuli hafifu. Vilifanana na kuvu, ila havikuwa ushahidi kamili. Daktari wa huko aliogopa kupitisha mrija mapafuni, kwa kuwa damu ya mtoto haikuganda vizuri. Sikumlaumu, hata mimi niliogopa. Tulimwongezea kwanza chembe za kugandisha damu, na asubuhi iliyofuata wakaingiza mrija, wakaliosha pafu kwa maji ya chumvi na kuyavuta tena.

Fundi wa maabara aliniita kwenye hadubini. Nikaona nyuzi nyembamba zenye matawi. Kuvu. Nikaomba kuangalia tena.

Dawa ya kuvu ilianza mchana ule. Siku ya tano homa ilikatika, akaomba bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Tulilazimika kuchelewesha dawa za saratani kwa majuma kadhaa, na kila juma nililihesabu nikihofia saratani kupata nguvu tena. Lakini alizirudia, akazimaliza.

Siku hizi yuko shuleni. Akipata mafua kidogo tu, mama yake hunipigia simu, nami humwambia amlete.