Bima waliandika gari langu total loss kwa kugonga mwembe. Nikalitengeneza, nikaliweka sokoni, yakanikuta haya

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara mbili. Leo nauacha ubaki. Humu hakuna chai, nimebadilisha majina tu, mengine yote ni kama yalivyotokea hapahapa Tabora.

Nianze na kazi yangu maana bila hiyo hamtanielewa. Mimi napanga madaraja ya tumbaku. Wakulima wanatuita maklasifaya. Msimu wa masoko ukifika nazunguka kwenye maghala ya vyama vya msingi. Marobota yanapangwa mistari, napita moja baada ya jingine, natia mkono katikati, navuta majani, naangalia, nanusa, natamka daraja. Robota likiwa na ukungu au limechanganywa, natamka rejekti, mwenye nalo analirudisha nyumbani.

Kazi hii haikupi marafiki wengi. Nimeshaizoea.

Sasa gari.

Lilikuwa gari dogo la familia, la kawaida kabisa. Asubuhi moja natoka nyumbani Chemchem, nimefika Mtendeni, baiskeli iliyobeba mkaa ikaingia barabarani ghafla. Nikaikwepa, nikaenda kuupiga mwembe. Wenyeji mnaijua ile miembe ya zamani, shina la kukumbatiwa na watu watatu. Spidi yangu ilikuwa ndogo, na mwembe haukudondosha hata jani.

Mimi mzima. Mwenye mkaa mzima, alinipa pole akaendelea na safari yake.

Gari: bampa limepasuka, boneti imejikunja kidogo, taa moja imekufa, rejeta inavuja. Airbag zote mbili za mbele zimefumuka, ndani kumejaa unga mweupe na harufu kama ya baruti.

Kwa macho yangu ilikuwa kazi ya wiki moja gereji.

Nilikuwa na bima kubwa. Mkaguzi wao akaja, kijana mpole, akapiga picha kila kona, akauliza maswali machache, akaondoka. Baada ya siku kadhaa akanipigia simu: gari lako ni total loss.

Nikamuuliza, "Total loss kwa bampa?"

"Bampa siyo tatizo, mzee. Tatizo ni vilivyofumuka. Airbag mbili, dashibodi nzima, mikanda ya mbele imejikaza haifai tena, na kompyuta yake. Tukiweka vyote vipya tunapita thamani ya gari lenyewe."

Wakuu, nilikasirika. Mtu ambaye miaka yote anawaambia wenzake "rejekti" kwa sababu ya majani machache, siku akiambiwa yeye anataka kupigana. Wakati ule sikuliona hilo.

Walinipa njia mbili. Wanilipe kamili wachukue gari, au wanilipe pungufu nibaki nalo. Mke wangu akasema tuwaachie. Nikamwambia wewe hujui magari. (Yeye ndiye aliyekuwa analiendesha kila siku kupeleka watoto shule, lakini ndivyo nilivyomjibu.)

Nikabaki nalo.

Likavutwa mpaka Ng'ambo kwa fundi mmoja, nimwite Nassoro. Ukoo wao ni wale Waarabu wa hapa mjini, watu wa maduka tangu babu wa babu, ila yeye akapenda nyundo. Kwa kunyoosha bodi na kupiga rangi sijaona wa kumfikia. Siku ya tisa nimekwenda, gari linang'aa, huwezi kujua limeguswa wapi.

Ikabaki ndani.

Nassoro akanikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akanieleza.

"Bosi, airbag mpya ni za kuagiza Dar, utasubiri mpaka uchoke. Za kung'oa kwenye gari jingine sikushauri, hujui zimepitia nini. Mimi naweza kukufunikia. Hapa naziba kwa faiba napiga rangi, kifuniko cha usukani nabandika. Ile taa nyekundu ya kwenye dashibodi naiwekea kidude kwenye waya, inatulia. Hakuna atakayejua."

"Na ikigongwa?"

"Ikigongwa itakuwa kama gari za zamani tu. Baba zetu si waliendesha bila hivyo vitu?"

Nikamwambia funika.

Kazi aliyoifanya ilikuwa safi mno. Nilipitisha kidole juu ya dashibodi nikitafuta kiungo, sikukipata. Mimi ninayelijua jani bovu kwa kuligusa tu, sikupata kitu. Nikafurahi. Mpaka leo kinachoniuma zaidi ni kule kufurahi.

Nyumbani mke wangu aliuliza swali moja tu.

"Baba Neema, airbag zimerudi?"

Huyu huwa siwezi kumdanganya, ananijua. Nikamweleza.

Akaweka funguo mezani. "Mimi sipandi, na watoto hawapandi."

Nikasema sawa, basi tunaliuza. Na hapo, wakuu, sikujiuliza hata kidogo kwamba lisilofaa kwa watoto wangu litafaaje kwa watoto wa mwenzangu. Nilipiga picha, nikaweka kwenye magroup ya WhatsApp: gari safi, halina shida, njoo na hela yako.

Simu zikapigwa nyingi. Wa kwanza kufika nyumbani alikuwa Mama Doto.

Niwaeleze habari zake kidogo. Mama Doto ni mkulima wa tumbaku, anaishi ndani ndani kabisa upande wa Sikonge, umri wake hamsini na kitu, mwanakwaya wa Moravian. Msimu uliokuwa umepita nilimrudishia robota. Nje jani zuri la kupendeza, katikati ukungu, majani ya kujaa kiganja hivi. Aliniapia kwamba waliofunga ni vibarua, yeye hakujua. Nikamjibu mbele ya watu wote kwamba mimi sikagui moyo wa mtu, nakagua jani. Akalifunga robota lake, akaliweka kwenye baiskeli, akaenda zake.

Sasa nilipomwona getini nikasema leo nimekwisha, huyu amekuja kulipiza. Ataingia mpaka uvunguni mwa gari.

Alikuja na binti yake, mjamzito, tumbo kubwa la kukaribia siku zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kumbe gari lenyewe ni lako?"

"Ni langu."

"Aa, basi." Akamgeukia binti yake. "Ingia ukae hapo mbele, uone kama panakutosha."

Sijui nini kilinisukuma, nikamwambia, "Mama, si ungekagua kwanza? Hata ungekuja na fundi."

Akacheka.

"Nikague nini? Wewe si ndiye ulinirudishia robota zima kwa vijani vya kujaa kiganja? Nililia njia nzima siku ile, sikufichi. Lakini nilipofika nyumbani nikasema, yule baba mkali ila hafichi kitu. Gari lingekuwa la mwingine ningekuja na mafundi watatu. Kwako nimekuja na kalamu."

Binti alikuwa ameshaingia. Tumbo lilikuwa karibu kugusa dashibodi. Akapapasa palepale Nassoro alipoziba, akasema, "Panatosha, mama. Pazuri."

Mama Doto akanieleza, huku ametoa miwani anaifuta, kwamba kule kwao usafiri ni bodaboda tu. Mimba ya kwanza ya huyu binti ilimshika uchungu usiku wa mvua, wakampakia kwenye pikipiki. Mtoto hakufika hospitali akiwa hai. Kwa hiyo mwaka huu, alisema, tumbaku yote aliyouza ni ya gari.

Nikampa karatasi ya mauziano.

Nyumbani kwangu, mbele ya mlango wangu, nilinyamaza muda wa kutosha yule mama kuvaa miwani, kuifungua ile karatasi na kuanza kutafuta mahali pa kuweka sahihi. Ningependa kuwaambia kwamba nilisema mara moja. Sikusema mara moja.

Ndipo nikasema, "Mama, usisaini. Katikati ni pabovu."

Nikamweleza yote. Mwembe, bima, mikanda ya mbele iliyojikaza, faiba, kidude cha kwenye waya, na kwamba nyumbani kwangu hakuna anayelipanda.

Hakupiga kelele. Alimwambia binti ashuke. Kisha akaniambia, "Fungua nione."

Nikachukua bisibisi nikaichomeka pale palipozibwa. Faiba ikavunjika, vipande vikaanguka kwenye kapeti, likabaki shimo na nyaya zilizokunjwa. Mama Doto akainama, akatia mkono mle ndani, akapapasapapasa, akautoa.

"Mkeo hapandi?"

"Hapandi."

"Binti yangu ndiye apande."

Haikuwa swali. Niliona aibu, wakuu. Nina umri wa kutosha na nimetukanwa masoko mengi, lakini aibu ya namna ile sikuwa naijua.

Akakaa kwenye ngazi ya baraza, binti yake pembeni. Mke wangu akatoka na maji ya kunywa, akawapa. Mimi nilishaanza kuandaa maneno ya kumuaga.

Mama Doto akamaliza maji, akasema, "Nalichukua."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akaendelea, "Pikipiki nayo haina hayo mapulizo. Na ina mvua juu. Nalichukua, lakini siyo kwa bei yako. Na hilo shimo usilizibe tena. Anayekaa hapo ajue amekaa wapi."

Bei alipanga yeye, sikubishana. Mkanda mmoja wa nyuma ulikuwa umekwama kwenye kiti, mke wangu akautoa mwenyewe na kuujaribu mara kadhaa. Binti akakaa nyuma, akaupitisha chini ya tumbo, wakaondoka. Aliendesha Mama Doto mwenyewe, leseni anayo siku nyingi, aliwahi kuendesha trekta la kanisa.

Mtoto alizaliwa salama hapa mjini, wa kike. Walifika hospitali na gari lile, binti kakaa nyuma. Mama Doto alinipigia simu mwenyewe kunijulisha. Sikuitegemea ile simu.

Nilichojifunza, kwa wale mnaotaka ushauri wa gari: ukiambiwa total loss na wewe unaona mikwaruzo tu, usikimbilie kusema bima wezi. Uliza nini kimefumuka na nini kimejikaza. Vitu vya kukuokoa ni ghali kuliko bampa, na vikishafanya kazi yake mara moja vimeisha. Unaweza kulitengeneza, sijasema usitengeneze. Ila kama huwezi kurudisha vile vya ndani, angalau usivifunike. Na kama mkeo amekuambia hapandi, hilo ndilo jibu la mkaguzi, huna haja ya mwingine.

Niseme na hili ndipo niwaachie uzi.

Msimu huu nilipangiwa soko la chama chao. Mama Doto alinisalimia vizuri, akanionyesha picha ya mjukuu kwenye simu, tukacheka kidogo. Ikafika zamu ya marobota yake. Nikatia mkono, nikavuta majani, nikatamka daraja. Lilikuwa daraja zuri na la haki.

Akanisogelea. Akatia mkono palepale nilipotoa wangu, akavuta majani yake, akayainua kwenye mwanga wa mlango, akayaangalia. Kisha akaitikia kwa kichwa: sawa, twende la pili.

Alifanya hivyo marobota yote kumi na moja. Miaka yote niliyokagua tumbaku yake alikuwa anakaa na wenzake kule nje, ananiachia. Hata siku ile ya rejekti alisogea baada ya kuitwa.

Nilisimama nikimsubiri amalize kila robota. Foleni nyuma ilikuwa ndefu na hakuna aliyelalamika.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Aliyewahi kubaki na gari la total loss aseme alifanyaje. Mtakaosema ningenyamaza biashara ingeisha vizuri, nitawasoma. Mtakaosema nilichelewa kusema, hata mimi niko upande wenu.