Nyota za Dorothée na Kidole Changu

Ilikuwa mwaka wa 2021. Hapana, nadanganya. 2021 njo mwaka mulima wa Goma ulitoa moto, na Dorothée alikuwa na miaka sita tu. Ilikuwa 2022, wakati wa kupanda maharagi, mbele ya vita kufunga barabara ya Sake. Naandika hii kwa sababu watu wa Nyabiondo wanasema yule mutoto alishindwa. Si yeye alishindwa.

Mimi natengeneza miavuli. Natembea na mufuko wa waya na sindano toka Kashebere, na nikifika Nyabiondo nalala kwa Léontine, binti ya mudogo wangu aliyekufa. Dorothée ni mutoto wake. Léontine aliteseka na uchungu siku mbili, mutoto akatoka bila kulia, pumzi ikachelewa, ubongo ukaumia. Wazee wa kwetu Walikale walitaka afanyiwe desturi ya kumuondolea mikosi. Léontine akakataa, akasema ameombewa kanisani, inatosha. Kwenye miaka saba mikono yake ilikuwa imekazana, shingo inayumba, na maneno yake yalikuwa mawili: "mama" na "koko". Koko, yaani babu, ni mimi. Lakini kucheka! Mbuzi ikipiga chafya tu, anacheka mpaka anateleza kwenye kiti.

Mwaka ule Chantal, mama anayenyoosha watoto viungo katika kituo kimoja kule Sake, alimuletea tablette. Ndani mulikuwa muchezo: vikapu vinatokea kwenye kioo, kuku inaingia mu kimoja, vyote vinafunikwa, mutoto anagusa pale kuku ilijificha. Akipata, nyota. Akipata sana, mashine yenyewe inaongeza vikapu na kuku. Chantal alisema ubongo nao unafanya mazoezi kama mukono. Nyota zilikuwa zinaenda kwa réseau, mutandao wa simu, mpaka Sake, yeye anaziona kule. Miezi mitatu ikipita, watoto waliofanya vizuri wangeitwa kupimwa, na wanane wangepata nafasi katika darasa dogo la kituo. Léontine alikuwa halali akifikiri ile nafasi.

Réseau inashika kwenye mutelemuko nyuma ya kanisa tu. Asubuhi Léontine alikuwa shambani, basi nilibaki Nyabiondo ile miezi mitatu, kazi ikawa yangu: kumupandisha mutoto kule, kukaa naye dakika makumi mbili.

"Papa, weye uangalie tu," Chantal aliniambia. "Usimusaidie. Hata akichelewa."

"Mama, nimesikia."

Nilisikia kweli. Lakini kwetu, kwenye njia za milima, ukikuta mutu amechoka chini ya muzigo wa mihogo, hauulizi. Ukiuliza ni kama unamutukana. Unamutua, unabeba mpaka kwenye kona, unamurudishia. Njo vile nililelewa.

Kidole cha Dorothée kilikuwa kinainuka, kinatetemeka, kinaenda kushoto, kinarudi. Mashine haikungojea. Inatoa sauti fulani kama mutu anayezuia kicheko, kikapu kinafunguka, hakuna kitu. Na yeye ananitazama. Siku tano nilivumilia. Siku ya sita nikamutua. Niligusa mimi. Nyota! Mutoto akacheka. Nikajiambia, mara moja tu.

Léontine akarudi na jembe begani. "Papa mukubwa, leo ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Aaa, mutoto wangu!" Kesho yake, kwenye robine ya maji, alimusimamisha jirani yetu Mukamurenzi mbele ya wamama wote: "Yule ulikuwa unamuita gunia ya mihogo, sasa anakushinda akili!" Wamama walicheka mpaka bidoni za maji zikafurika. Mimi nilikuwa pembeni, nashona mwavuli. Nilijichoma sindano.

Miezi mitatu ilipoisha, wakatuita. Tulishuka Sake kwa moto, pikipiki ya kukodi, mutoto amefungwa kwa kitenge katikati. Kulikuwa Chantal, na mukubwa wa kituo, Papa Hubert, na wazazi wengine. Wakafungua tablette pale ilikuwa imefika: vikapu makumi mbili, kuku nne. Ngazi ile hata mimi ilikuwa imeanza kunishinda.

Dorothée aliangalia kioo. Kisha mukono wake ukainuka, polepole, lakini haukuenda kwenye kioo. Ulikuja kwangu. Akashika kidole changu, akakivuta mpaka kwenye vikapu.

"Koko," akasema.

Papa Hubert alifunga kaye yake ya kuandikia. Léontine alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Papa mukubwa, ulikuwa unagusa weye?"

"Nilimutua muzigo."

"Muzigo gani? Ile ilikuwa yake."

Nafasi zote wakapewa wengine. Chantal hakunitukana; ingekuwa nafuu. Alirudisha muchezo mwanzo, vikapu viwili, akagusa mahali fulani, akaniambia nikalie mikono yangu. Nikaikalia kweli, muzee wa mvi, mbele ya watu. Kuku ikaingia. Kidole cha Dorothée kikainuka, kikaenda kushoto, kikarudi. Nilihesabu moyoni mpaka kumi na tisa. Mashine ilikuwa inangojea. Akagusa. Kuku! Aligusa mara tano, akapata mara nne.

"Kumbe inawezaka kungojea?" nikauliza.

"Iko na mahali pa kuongeza muda, Papa. Tungemuona anachelewa, tungeongeza siku ile ile. Tuliona nyota tu."

Akasema turudi mwaka ujao. Mwaka uliofuata barabara ilikuwa imefungwa, na tablette ilibaki Sake.

Siku ile ya kupimwa, mbele ya kupanda moto, nilimuuliza Chantal kitu kimoja. Aliinama, akamufunga Dorothée kitenge vizuri. Nikamuuliza Léontine, akaangalia mulima. Mutoto nilimuuliza mara nyingi kwenye ule mutelemuko, anacheka tu. Zile asubuhi zote, wakati kidole changu kilikuwa kinatangulia kufika kwenye kikapu, kidole chake kilikuwa kinaenda wapi?