Mtaboti wa Seif na Tanzia ya Bi Zuwena

Nlipokuwa mdogo Unguja nliumwa na jino, na mama akanipeleka Darajani kwa kinyozi mmoja alokuwa akinyoa, akiumika na kung'oa meno kwenye kiti kimoja. Kinyozi alikuwa na mtoto wake wa rika langu, kazi yake kuwashika vichwa wenye kuumwa. Siku hiyo alinishika masikio akaning'inia kama anashikilia beseni, na baba yake akavuta. Likatoka jino zima la jirani, bovu likabaki. Mama alitukana mpaka watu wa sokoni wakaja kutazama. Yule mshika vichwa alicheka, nami nlimchukia miaka mingi. Jina lake Seif. Basi Mungu ana mambo yake: mwaka wa sitini na nne, tulipotawanyika kwa mapinduzi, nliyemkuta Matrah, huko Oman, ndani ya nyumba yenye mkeka mmoja, ni Seif huyo huyo. Nikamkumbatia nikalia kama mwanamke.

Seif alipata mtaboti, chombo cha injini. Meli zilikuwa zinatia nanga nje, na watu na mizigo huteremshwa kwa vyombo vidogo, basi nasi tukawamo katika kazi hiyo. Aloutengeneza mtaboti ni mwenzetu pia, Fundi Mbarak, seremala wa vyombo kutoka Unguja. Yeye alishukia kwa ami yake huko Quriyat, safari ya kutwa kwa bahari ukitoka Matrah. Mkewe, Bi Zuwena, alibaki Unguja na mama yake mgonjwa, kwa ahadi kuwa atafuata. Fundi alikuwa hana zungumzo jingine. Kila shita, yaani majira ya baridi, upepo wa shamali ukianza kuichafua bandari, mtaboti hurudishwa kwake kutiwa kalafati na kupakwa mafuta, na neno lake la kwanza ni moja: "Kuna khabari ya Unguja?"

Mwaka mmoja ilikuwako. Baharia mmoja wa melini, mtu wa Malindi ya Unguja, alimwambia Seif kuwa Bi Zuwena amefariki kwa homa, kabla ya mfungo. Seif akaniita.

"Sleiman, mtaboti upeleke kwa mwenyewe aloujenga. Na tanzia umfikishie wewe. Mimi siwezi."

"Na mimi naweza?"

"Wewe una moyo, na una maneno."

Una maneno! Nimetembea nayo maisha yangu yote, na siku nilipoyataka hayakuwapo.

Tuliondoka Matrah baada ya sala ya alfajiri, mimi na Murad, Mbulushi aliyekuwa akiangalia injini. Tukazipita ngome za Maskati, tukaipita Sidab, wavuvi wakatupungia. Baada ya hapo ni majabali tu, meusi, yameingia baharini bila mti hata mmoja. Mimi mtu wa minazi, majabali yale sijayazoea mpaka leo. Shamali ilikuwa mgongoni, ikitusukuma. Murad alikuwa akiimba. Nikamwambia anyamaze, tuna maiti. Akatazama ndani ya chombo, hakuona kitu, akaniona nimeingia wazimu.

Alasiri tukafika Quriyat. Fundi Mbarak alikuwa ameshautambua mlio wa injini, yumo majini mpaka magotini, anaupapasa mtaboti ubavuni.

"Nani kampiga binti yangu hapa? Murad, wewe unaendesha chombo au unachunga ng'ombe?"

"Ngazi ya meli, fundi."

"Ngazi haina macho. Na wewe huna?" Kisha akanigeukia mimi, na lile swali la Unguja hakulitamka. Alinitazama tu.

Nikasema tuingie kwanza tuwasalimie wenyeji. Tukaingia barazani kwa ami yake, Mzee Said, kulikuwa na wanaume wa mtaa wamekaa. Sasa hapa nataka mnifahamu. Watu wa Oman wana desturi yao: mgeni akishakaa huulizwa, mbele ya wote, ana ilmu gani, yaani khabari gani, na yeye hujibu hapana ila kheri. Hata kama nyumba yake imeungua. Hiyo ni heshima ya baraza. Khabari yenyewe huja baadaye, tende zimeshaliwa na kahawa imeshanywewa, na wenye jambo wamekaa pembeni. Mimi nilishaishika, kwa kuwa Matrah nakaa na wenyeji. Mzee Said akauliza, nami nikajibu kwa Kiarabu, kama inavyotakiwa: hapana khabari ila kheri.

Fundi Mbarak akainuka. Kahawa hakuingoja.

"Alhamdulillahi," alisema. "Alhamdulillahi rabbil aalamin." Akatoka nje, nikamsikia anawaita wanawake wa ndani wampe kamba.

Nikamfuata. Nlimkuta chumbani kwake na kitanda cha kumpokelea mkewe. Alikitengeneza kwa mbao zilizosalia za mtaboti wetu, miguu kaichonga kwa mkono, na mwaka wote kilikuwa kimesimama bila kuwambwa. Sasa anakiwamba, anavuta kamba kwa meno na mikono, anacheka peke yake.

"Zuwena hapendi kitanda kinachobonyea," akanambia. "Shika huko, Sleiman. Vuta! Hujala leo?"

Nikashika. Nikavuta.

Usiku nikamweleza Mzee Said ile tanzia, nikamtaka shauri. Akaniinamia: "Jawabu ile ni ya baraza, kila mtu anajua."

"Yeye hajui, mzee, barazani hakai, yumo na vyombo vyake tu. Kwetu Unguja mtu akisema kheri, ni kheri."

Akaupunguza utambi wa taa. "Basi asubuhi. Mwache alale usiku mmoja juu ya kitanda chake."

Kurudi kwetu nakuelezeni hapa hapa, maana nikishamaliza ya fundi sitakuwa na la kusema. Tulirudi na shamali usoni, mtaboti umemaliziwa na seremala mwingine, ukavuja njia nzima, na Murad hakuimba. Nilichojifunza ni kuwa adabu ya nchi si nguo ya kumvisha kila mtu. Wapo wa kujibiwa mlangoni, kabla hujavua viatu.

Asubuhi ile mtaboti ulikuwa umevutwa mchangani. Fundi alikuwa chini ya ubavu, anagongea nyuzi za pamba baina ya mbao. Nikachutama karibu yake.

"Fundi, Bi Zuwena kaondoka. Homa. Kabla ya mfungo."

Aligonga mara mbili tatu zaidi.

"Jana ulisema kheri."

"Mbele ya watu, fundi. Ndiyo jawabu ya huku."

"Mimi nlikuuliza pwani. Kwa macho."

Aliumaliza uzi uliokuwa mkononi, akaukandamiza kwa kidole gumba. Akaweka nyundo juu ya ubao, akanawa mikono na uso baharini, akavaa viatu vyake. Mzee Said alidhani anakwenda msikitini. Lakini aliupita msikiti, akashika njia ya wadi, bonde la mto mkavu, inayopanda majabalini, hakukimbia wala hakutazama nyuma, mpaka mitende ikamficha. Tulimngoja adhuhuri, tukamngoja alasiri. Hakurudi. Mpaka leo hajarudi.